Mume ataka jina lake kwenye pasipoti yangu ya Uingereza, na harusi ya mdogo wangu ni Desemba

Shangazi, shikamoo.

Mimi ni mwanamke wa miaka thelathini na kitu, mzaliwa wa Mombasa, sasa naishi Leicester na nafanya kazi kwenye nyumba ya kutunzia wazee. Juzi juzi niliapishwa kuwa raia wa Uingereza. Nilipeana mkono na mwakilishi wa Mfalme, nikapewa cheti, nikapigwa picha, nikarudi nyumbani na furaha yangu. Furaha yenyewe haikulala. Jioni ile ile bwanangu alifungua fomu ya pasipoti kwenye kompyuta, na tangu hapo humu ndani hatusikilizani.

Yeye anataka pasipoti yangu ya Uingereza itoke na jina la ukoo wake. Cheti changu cha uraia na pasipoti yangu ya Kenya zote zina majina yangu matatu: langu, la baba na la babu. Kwetu mwanamke akiolewa habadilishi jina. Mama hakubadilisha, bibi hakubadilisha. Lakini watoto wetu wawili, waliozaliwa hapa na wana pasipoti za hapa, wanatumia jina la baba yao. Mwaka jana nilirudi nao kutoka likizo, mimi na wao peke yetu, afisa wa uhamiaji akanizuia pale dirishani akitaka kujua hawa ni watoto wa nani. Akamgeukia mkubwa wangu: "Huyu ni nani yako?" Mtoto akaona haya, akajificha nyuma ya mkoba, asijibu. Tuliachiwa tukapita, ila bwanangu alipohadithiwa aliapa kwamba jambo hilo halitarudi tena. Mama mkwe naye ametia neno lake: ati mke asiyetaka jina la mume ana lake moyoni.

Hapo hapo kuna harusi. Mdogo wangu wa mwisho anaolewa Mombasa mwezi wa Desemba. Mama yetu alishatangulia mbele ya haki, na mimi ndiye mkubwa, kwa hiyo shughuli yote inanitazama mimi. Tiketi nimeshakata, yangu na ya watoto, kwa jina lililo kwenye pasipoti ya Kenya. Ni tiketi ya bei rahisi, pesa hazirudi.

Mwenzangu mmoja kazini ananiambia nisijisumbue, niende na pasipoti yangu ya Kenya kama siku zote, kwa sababu nikiingia kwenye akaunti yangu ya uhamiaji bado naonekana nina ukaazi wa kudumu. Kwenye kundi letu la WhatsApp kuna wakala, yeye asema nimpe pauni 300 na pasipoti itatoka ndani ya wiki moja, kwa jina lolote nitakalo.

Na la mwisho naliuliza kwa haya kidogo. Fomu inataka cheti cha ndoa ikiwa nabadilisha jina. Nikaha yetu ilifungwa msikitini, hapa hapa Leicester. Tuna cheti cha imamu, kina muhuri na sahihi za mashahidi. Chatosha? Na nani anidhamini kwenye fomu: bwanangu, wifi yangu, au daktari wetu?

Njia Panda, Leicester

JIBU

Marahaba, mwanangu. Hongera kwa uraia, na mpe mdogo wako hongera zangu. Nitaanza na safari kwa sababu safari ina tarehe. Jina la mume halina tarehe, litangoja.

Usiondoke Uingereza na pasipoti ya Kenya peke yake. Huyo mwenzako wa kazini hakutakii mabaya, lakini ukimsikiliza utabaki Mombasa hadi mwaka mpya, na likizo ya kazini itakuwa imekwisha. Ukaazi wako wa kudumu ulikoma siku ulipoapa. Raia haombi ruhusa ya kuishi kwao, kwa hiyo ruhusa ya zamani haipo tena, hata kama akaunti ya mtandaoni bado inaionyesha. Usiitegemee.

Kinachowadanganya watu ni kwamba kutoka ni rahisi. Uingereza haina afisa wa uhamiaji anayekaa kugonga mihuri ya kutoka. Shirika la ndege litaangalia tu kama Kenya itakupokea, na Kenya ni kwenu. Taabu iko kwenye kurudi. Utafika uwanja wa Moi umechoka, mikono bado ina hina, watoto wana usingizi. Aliye dawatini ataitazama pasipoti yako ya Kenya na kutafuta viza, maana Mkenya haingii Uingereza bila viza. Watoto watapita na pasipoti zao, wewe utaambiwa usimame kando. Utafungua mkoba utoe cheti cha uraia, naye atakirudisha mezani, kwa sababu cheti hicho kinathibitisha uraia lakini si hati ya kusafiria. Hana ubaya, na yeye ana bosi wake: shirika likimbeba mtu asiye na hati sahihi, faini ni ya shirika. Na tangu tarehe 25 Februari 2026 mambo yamekazwa zaidi. Raia wa Uingereza mwenye uraia wa nchi nyingine anatakiwa aonyeshe pasipoti ya Uingereza kabla ya kupanda ndege, au cheti maalum cha haki ya kuishi Uingereza, ambacho ada yake ni zaidi ya mara tano ya ada ya pasipoti.

Usijitie moyo na hati ya dharura ya ubalozi pia. Ile imewekwa kwa ajili ya Mwingereza aliyeko nje ambaye pasipoti yake imepotea, imeibwa, imeharibika au imekwisha muda. Wewe hujawahi kuwa nayo hata moja.

Kwa hiyo ombi liende sasa, wiki hii, na liende kwa majina yale yale matatu yaliyo kwenye cheti cha uraia na kwenye pasipoti ya Kenya, herufi kwa herufi. Tiketi yako pia ni ya majina hayo. Ukibadilisha jina sasa utakuwa na pasipoti ya Uingereza yenye jina moja, pasipoti ya Kenya yenye jina lingine na tiketi inayofuata mojawapo tu, halafu uanze kueleza ndoa yako mbele ya watu waliojipanga nyuma yako na masanduku.

Lakini hata kufika huko hungefika. Ofisi ya Pasipoti ya Uingereza ina msimamo ambao wengi wetu huujua baada ya kuumia: mtu awe na jina moja kwa mambo yote rasmi. Anayeomba akiwa na pasipoti ya nchi nyingine hutakiwa kuionyesha, na majina yakitofautiana ombi linasimama. Utaandikiwa barua kwamba kwanza ukabadilishe pasipoti ya kigeni ndipo waendelee. Wana nafasi ya kulegeza, kwa mfano pale sheria ya nchi ya pili haimruhusu mtu kubadilisha jina, ila Kenya inaruhusu, hivyo usitegemee huruma hiyo. Maana yake ni kwamba njia ya jina la bwanako inapita kwanza Ubalozi wa Kenya pale Portland Place, London, kuomba pasipoti mpya ya Kenya yenye jina jipya, ndipo urudi kwa Waingereza. Desemba itapita ukiwa bado unafuatilia. Tuseme wewe ni Fatma Ali Mbarak. Basi omba kama Fatma Ali Mbarak. Na kama kitambulisho chako cha Kenya kimeandikwa Fatuma huku pasipoti ikisema Fatma, jambo ambalo nimeliona kwa nusu ya Wapwani ninaowajua, fuata cheti cha uraia na pasipoti.

Wakala mwache na pauni zake 300. Pasipoti ya kwanza ya mtu mzima haina huduma ya haraka. Ile huduma ya wiki moja ipo kweli, lakini ni ya kusasisha, ya kubadilisha pasipoti iliyopotea au kuharibika, na ya pasipoti ya kwanza ya mtoto. Mtu mzima anayeomba kwa mara ya kwanza haruhusiwi kuitumia, awe ana harusi au ana msiba. Huyo bwana hana mlango wa nyuma. Atajaza fomu ile ile unayoiona wewe, kwa simu yake, na jina lako, tarehe yako ya kuzaliwa na namba ya cheti chako zitabaki kwenye simu hiyo. Na hilo neno lake la "jina lolote utakalo" lingenifanya nimtoe kwenye kundi leo hii: kusema uongo ili upate pasipoti ni kosa la jinai hapa chini ya sheria ya mwaka 1925, na atakayeitwa kujieleza ni wewe uliyetia jina, si yeye.

Ingia gov.uk mwenyewe. Andika anwani hiyo kwa mkono wako, usitafute "pasipoti ya Uingereza" halafu ukabofya cha juu kabisa, maana zipo tovuti zinazofanana na za serikali ambazo hutoza ada yao juu ya ada ya kweli. Aprili 2025 ada ya mtu mzima anayeomba mtandaoni akiwa Uingereza ilipanda kutoka pauni 88.50 hadi 94.50. Huwa wanaipandisha, kwa hiyo angalia ya leo kabla ya kulipa. Fomu ya karatasi ya posta ni ghali zaidi na sioni faida yake kwako.

Sasa mdhamini, maana hapa ndipo maombi mengi yanapokwama. Bwanako hawezi. Wifi yako hawezi, kwa sababu undugu wa ndoa nao ni undugu. Wala si mtu yeyote mnayeishi naye nyumba moja. Awe anakufahamu kwa angalau miaka miwili, anaishi Uingereza, ana pasipoti ya Uingereza ambayo haijaisha muda, na ana kazi inayotambulika au ni mtu anayeheshimika katika jamii. Daktari wenu wa kliniki, ambaye kila mtu humkimbilia, hakubaliki isipokuwa aseme anakufahamu vizuri, na daktari aliyekuona dakika kumi kwa ajili ya kikohozi hatasema hivyo. Orodha ya serikali ukiisoma utacheka: daktari anawekewa masharti, lakini msimamizi wa mazishi anakubaliwa bila maswali. Wamo pia mwalimu, mfamasia, afisa wa benki, mzima moto, mwandishi wa habari na kiongozi wa dini. Imamu wenu anafaa akiwa ana pasipoti ya Uingereza.

Lakini kwako wewe namwona mtu aliye karibu zaidi. Kwenye nyumba ya wazee kuna nesi aliyesajiliwa, unafanya naye kazi zamu kwa zamu, anajua unavyotembea na unavyocheka. Nesi yumo kwenye orodha. Mwombe huyo, mradi mmejuana miaka miwili na ana hiyo pasipoti. Ukiomba mtandaoni hatahitaji kuandika chochote nyuma ya picha kama zamani. Utaweka anwani yake ya barua pepe, atatumiwa kiungo, ataona picha yako, atajaza namba ya pasipoti yake na kujibu maswali machache kukuhusu. Mwambie siku ile ile unapotuma, na mwambie aangalie hata kwenye barua taka. Wapo watu wanaolaumu serikali kwa kuchelewa kumbe ujumbe umelala kwa mdhamini ambaye hafungui barua pepe hadi Jumapili. Mfundishe pia mambo madogo: ajue tarehe yako ya kuzaliwa na ulikozaliwa, asije akabahatisha.

Picha. Mtandio unaruhusiwa, kwa sababu ya dini, usikubali mpiga picha wa dukani akuambie uuvue. Wanachotaka ni uso wote uonekane bila kivuli. Sasa mtandio wetu tunapenda kuuvuta mbele, na taa ya kile kibanda ipo juu, basi ukingo wa kitambaa unatupa mstari mweusi kwenye paji la uso na picha inarudishwa. Uvute nyuma kidogo, uufunge chini ya kidevu bila kufunika mashavu, halafu jitazame kwenye kioo kabla ya kukaa. Usivae mtandio mweupe kama ukuta ni mweupe. Mdomo ufungwe, usitabasamu, miwani iwekwe mkobani. Picha iwe ya ndani ya mwezi mmoja, usiwape ile ya siku ya kuapishwa hata kama umependeza.

Ukimaliza fomu utaambiwa hati zipi uzitume na wapi. Kwako zitakuwa cheti halisi cha uraia na pasipoti ya Kenya uliyoingilia hapa. Vipige picha vyote viwili kwanza, kila ukurasa, hata mitupu, kisha uvitume kwa njia ya posta yenye kufuatiliwa na kutiwa sahihi. Cheti hicho kikipotea kupata nakala ni kazi na ni pesa. Elewa pia kwamba kuanzia hapo hutakuwa na pasipoti yoyote mkononi hadi wamalize, na kwamba pasipoti mpya na hati zako za zamani huja kwa bahasha mbili tofauti, si lazima siku moja. Ikija ya Uingereza na ya Kenya ikawa bado, usipaparike. Unaweza kuingia Kenya na ya Uingereza ukiomba ile idhini ya safari ya mtandaoni iliyoanza Januari 2024, ingawa utailipia na utakuwa umeingia nchini mwako kwa karatasi za mgeni.

Muda? Mtu anayesasisha kwa kawaida hupata ndani ya wiki tatu. Anayeomba mara ya kwanza anaweza kukaa zaidi kwa sababu huenda akaitwa kwenye mahojiano, siku hizi mara nyingi kwa video. Usiyaogope, si ule mtihani wa historia ya wafalme uliokwisha kuufanya. Wanataka kujua kama wewe ndiye wewe: ulihamia lini nyumba hii, uliishi wapi kabla, benki yako ni ipi, mdhamini wako mmejuana wapi. Soma tena fomu yako siku moja kabla, ukae chumba chenye mwanga, na watoto wawe na baba yao chumba kingine.

Naamini utaipata kabla ya Desemba ukituma sasa, lakini sikuahidi, na wao wenyewe huwaambia watu wasikate tiketi kabla ya pasipoti kufika. Wewe umeshakata. Basi piga simu kwa shirika lako leo uulize kusogeza tarehe kunagharimu kiasi gani na mwisho wa kusogeza ni lini. Ukijua hilo sasa utalala.

Nije kwenye nikaha, uliyoiuliza kwa haya. Huna la kuonea haya, ila una la kurekebisha. Cheti cha imamu hakitakubaliwa kubadilisha jina, na sababu yake ni nzito kuliko pasipoti. Nikaha iliyofungwa hapa Uingereza bila kufuata taratibu za sheria ya ndoa ya hapa ni ndoa mbele ya Mungu na mbele ya jamaa zenu, lakini mbele ya sheria si ndoa. Mwaka 2020 Mahakama ya Rufaa ililisema hilo waziwazi: haihesabiwi hata kuwa ndoa batili, inahesabiwa haikufungwa. Mngeoana Mombasa kwa kadhi na kusajiliwa, cheti chenu kingetambuliwa hapa. Ipo pia misikiti michache hapa iliyosajiliwa kufungisha ndoa ya kisheria, kwa hiyo mwulize imamu wenu kwanza. Dalili ya wazi ni hii: cheti cha kisheria hutolewa na ofisi ya usajili ya halmashauri. Kama hamkuwahi kufika huko, hamna.

Hii ina maana gani kwako? Siku Mungu akimchukua bwanako bila wasia, wewe si mjane kisheria na hutarithi kama mke. Mkiachana, huwezi kwenda mahakamani kudai mgao wa mke aliyeachwa. Utadai kwa njia nyembamba zaidi, za watoto na za mali iliyoandikwa jina lako. Watoto wasikutie wasiwasi, kwa sababu tangu tarehe 1 Julai 2006 mtoto hupata uraia kwa baba hata kama wazazi hawajaoana kisheria, mradi baba amethibitika, na pasipoti zao zilishatoka.

Sasa tazama mambo yalivyokaa. Bwanako anataka jina lake liandikwe kwenye pasipoti yako, ilhali ndoa yenyewe haijaandikwa popote. Sisemi ana nia mbaya, wanaume wengi na wanawake wengi wa kwetu hawajui hili, wanaona muhuri wa msikiti wanatosheka. Lakini mpangilio wa haki ni ndoa kwanza kwenye daftari, jina baadaye, kama mtalitaka. Bila ndoa ya kisheria ungeweza kulipata jina lake kwa hati ya kubadili jina, ile ambayo hata jirani huweza kuitumia kujiita Mfalme, pamoja na ushahidi kwamba unalitumia. Ningekuwa mimi nisingekubali kubeba jina la mtu kwa njia ya jirani.

Na jina lenyewe, mwanangu, ni lako kuamua. Dini yenu haikudai ubadilishe, mila za Pwani hazikudai, na sheria ya Uingereza pia haidai. Kinachomuuma bwanako ni yule afisa wa dirishani, na hilo lina dawa nyepesi kuliko kubadilisha pasipoti mbili. Maafisa wameagizwa kuwalinda watoto wanaosafirishwa, hivyo mama mwenye jina tofauti ataulizwa, leo na kesho. Beba vyeti vya kuzaliwa vya watoto, vile virefu vyenye majina ya wazazi wote wawili, pamoja na barua fupi ya baba yao yenye sahihi na namba ya simu inayosema anajua watoto wanakwenda Mombasa na mama yao, tarehe fulani hadi fulani. Viweke kwenye bahasha moja na pasipoti, uvitoe kabla hujaulizwa. Na huyo mkubwa mwambie mapema kwamba ataulizwa "huyu ni nani yako" na kwamba kujibu si utovu wa adabu. Safari hii vilevile utapita foleni moja na wao, ya pasipoti za Uingereza, jambo ambalo mwaka jana hukuwa nalo.

Mama mkwe mpelekee halua kutoka Mombasa, na hilo neno la moyoni usilijibu.

Kenya nako una wajibu mmoja. Katiba ya 2010, ibara ya 16, inasema Mkenya wa kuzaliwa hapotezi uraia kwa kuchukua wa nchi nyingine, kwa hiyo pasipoti yako ni halali. Ila sheria ya uraia na uhamiaji ya 2011 inakutaka utangaze uraia wa pili ndani ya miezi mitatu tangu uupate, na kukaa kimya ni kosa lenye faini au kifungo. Wengi hawajishughulishi. Wewe jaza fomu hiyo, uitume na utunze risiti. Wasomaji wangu wa Tanzania msinukuu aya hii kwa mambo yenu: Sheria ya Uraia ya 1995 haiwaruhusu watu wazima kuwa na uraia wa nchi mbili, na kiapo cha hapa huwatoa kwenye ule wa kwenu.

Zungumza na bwanako Ijumaa hii akiwa ameshiba. Mwambie ombi linakwenda na majina yako kwa sababu ya harusi, mwonyeshe tiketi na mwonyeshe kanuni ya jina moja. Kisha mwambie la ndoa. Kila mmoja wenu ataweka miadi kwenye ofisi ya usajili ya Leicester kutoa ilani ya kukusudia kuoana, mwende wenyewe, na pasipoti na uthibitisho wa anwani. Mtaulizwa mmoja mmoja jina kamili la mwenzako, tarehe yake ya kuzaliwa na kazi yake. Baada ya ilani kuna siku 28 za kungoja, halafu mtahitaji mashahidi wawili tu. Pasipoti yako mpya itatosha kama kitambulisho, kwa hiyo wekeni miadi hiyo ya Januari, mkisharudi.

Shangazi